Markov alihesabu irabu, hakupiga ramli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Makala yenu ya Jumamosi kuhusu akili mnemba ilimtaja mwanahisabati wa Urusi, Andrey Markov, kwa sentensi mbili tu, na zote mbili zina kasoro. Ya kwanza ilimwita mwanaisimu. Ya pili ilidai kwamba hesabu zake zinafaa pale tu matukio yasipotegemeana. Hilo la kwanza tunaweza kulisamehe, maana ni kweli aliwahi kukaa na kitabu cha mashairi akihesabu herufi moja moja. La pili ni zito, kwa sababu ni kinyume kabisa cha kazi iliyompa jina. Markov aliingia katika historia ya nadharia ya uwezekano kwa kubomoa dai hilohilo mlilomtwika.

Alizaliwa Juni 1856 huko Ryazan, kusini-mashariki mwa Moscow. Baba yake alikuwa mtumishi wa idara ya misitu, kisha akahamia St Petersburg kusimamia mali za mwenye shamba. Mtoto alikuwa na ugonjwa wa goti na alitembelea magongo mpaka akakaribia miaka kumi. Shuleni hakung'ara ila katika hisabati. Kabla hajamaliza sekondari aliandika njia ya kutatua aina fulani ya milinganyo ya kalkulasi, akadhani ameivumbua yeye, akawapelekea wanahisabati wakubwa wa mji. Njia haikuwa mpya, lakini ilimfungulia mlango: Korkin na Zolotarev walimjua tangu hapo, na mwaka 1874 akaingia chuo kikuu walikokuwa wakifundisha.

Aliyemtia chapa hasa ni mwalimu wake wa hisabati, Pafnuty Chebyshev. Markov alihitimu 1878 na medali ya dhahabu, na tasnifu yake ya 1880 ilihusu nadharia ya namba, si uwezekano. Humo ndimo zilimotoka namba zinazoitwa kwa jina lake: namba kamili tatu ambazo ukijumlisha miraba yake unapata mara tatu ya zao lake. Jaribu 1, 2 na 5. Miraba ni 1, 4 na 25, jumla 30. Na 1 × 2 × 5 × 3 ni 30. Shahada ya udaktari aliipata 1884, Akademia ya Sayansi ikampokea 1886 katika ngazi ya chini na kumpa uanachama kamili 1896. Huyu ndiye mliyemwita mwanaisimu.

Kwa Chebyshev alirithi ugonjwa mmoja mzuri: kutoridhika na neno “inakaribia”. Inakaribia kwa kiasi gani? Kwa masharti gani? Mfano wa ukali huo ni kanuni ndogo iliyobaki na jina la Markov mpaka leo. Tuseme genge la mboga lina wastani wa mauzo ya shilingi 20,000 kwa siku, na mauzo hayawezi kushuka chini ya sifuri. Basi siku za kuuza 100,000 au zaidi haziwezi kuzidi moja kati ya tano. Zikizidi, siku hizo peke yake zitauvusha wastani juu ya 20,000 hata kama siku nyingine zote genge limefungwa. Huhitaji kujua kitu kingine chochote kuhusu genge. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi kikomo kinakuwa kipana mno; genge halisi huenda halifiki 100,000 hata mara moja kwa mwezi. Kanuni inakupa dari tu.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe. Sheria ya namba kubwa ilithibitishwa na Jakob Bernoulli katika kitabu kilichochapwa 1713, miaka minane baada ya kifo chake. Inasema kwamba ukirudia jaribio mara nyingi, sehemu ya mara unazopata jibu fulani husogea kwenye uwezekano wake wa kweli. Uthibitisho wake ulichukulia kwamba kila jaribio halijui lililotangulia, kama sarafu isiyokumbuka ilivyoanguka jana. Lakini mvua ya leo inaijua mvua ya jana, na bei ya nyanya Jumanne haianzi upya kana kwamba Jumatatu haikuwepo. Vitu vya namna hii je?

Mwaka 1902 Pavel Nekrasov, profesa wa Moscow aliyepitia seminari kabla ya kusomea hisabati, alijibu kwamba kutotegemeana ni sharti la lazima. Bila hilo sheria haisimami. Kisha akatoka nje ya hesabu. Takwimu za jamii, kwa mfano idadi ya makosa ya jinai, hutulia mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo zinaitii sheria ya namba kubwa. Kwa hiyo matendo ya watu hayategemeani. Kwa hiyo binadamu ana hiari. Markov, ambaye hakuwa na imani ya dini wala subira, aliona hoja imepinda pale mwanzoni kabisa. Bernoulli alionyesha kwamba kutotegemeana kunatosha. Hakuonyesha kwamba ni lazima. Mvua inatosha kuulowesha uwanja, lakini ukikuta uwanja umelowa huwezi kuapa kwamba mvua imenyesha. Huenda mtu kapita na ndoo.

Anayesema “lazima” huangushwa na mfano mmoja tu unaokwenda kinyume. Markov aliutoa mwaka 1906, katika makala iliyochapwa Kazan, kuhusu kupanua sheria ya namba kubwa kwa viasi vinavyotegemeana. Aliunda mfuatano ambamo kila tukio linashikwa na lililolitangulia, basi. Ukishajua lililopo sasa, yote ya nyuma zaidi hayakuongezei kitu. Mwenyewe aliuita mnyororo. Akathibitisha kwamba, kwa masharti fulani, wastani unatulia vilevile.

Masharti hayo ndiyo sehemu ambayo watu huruka. Chukua mnyororo wenye hali mbili tu, tuziite irabu na konsonanti. Unahitaji namba mbili: uwezekano wa irabu kuja baada ya irabu, na uwezekano wa irabu kuja baada ya konsonanti. Toa ya pili kwenye ya kwanza. Jibu liko kati ya −1 na 1, nami nitaliita kumbukumbu ya mnyororo. Likiwa sifuri, hakuna kutegemeana, tumerudi kwa Bernoulli. Likiwa 1 kamili, mnyororo umekwama: ukianza na irabu utabaki na irabu milele, na hapo wastani utategemea ulipoanzia. Likiwa −1 kamili, hali zinapishana kama hatua za askari. Wastani unatulia kwenye nusu, lakini uwezekano wa kukuta irabu kwenye hatua fulani hautulii kamwe. Katikati ya hapo kila kitu kinatulia. Ndiyo kusema Nekrasov hakuwa mjinga. Kutegemeana kunaweza kweli kuvunja sheria. Kosa lake ni kudhani kunaivunja siku zote.

Uthibitisho ulikuwa kwenye karatasi tu, na Markov alitaka kitu cha kushika. Tarehe 23 Januari 1913 kwa kalenda ya kale ya Urusi, yaani 5 Februari kwa yetu, aliieleza Akademia alichokifanya na riwaya ya kishairi ya Pushkin, Eugene Onegin. Alichukua herufi 20,000 za mwanzo, sura nzima ya kwanza na beti kumi na sita za sura ya pili. Aliondoa nafasi na alama za uandishi. Aliondoa pia alama ngumu na alama laini za Kirusi, kwa sababu hazitamkwi zenyewe. Alama ngumu wakati huo iliandikwa mwishoni mwa maneno mengi, na kuiacha ndani kungejaza hesabu konsonanti hewa. Kisha akazipanga herufi katika miraba 200, kila mmoja mistari kumi ya herufi kumi, na kuhesabu irabu kwa safu wima na kwa mistari. Kazi ya mkono.

Alipata irabu 8,638 na konsonanti 11,362. Irabu zilizofuata irabu zilikuwa 1,104. Hapo namba zote muhimu zinapatikana kwa kugawanya: 1,104 kwa 8,638 ni 0.128, uwezekano wa irabu baada ya irabu. Irabu 7,534 zilizobaki zilifuata konsonanti, na 7,534 kwa 11,362 ni 0.663. Kama herufi zisingetegemeana, namba hizo mbili zingelingana, zote zikiwa karibu na 0.432. Kumbukumbu ni 0.128 toa 0.663, yaani −0.535. Herufi zinategemeana sana, na bado wastani umetulia: 43.19 kwa kila mraba wa herufi mia.

Kilichobadilika ni mtawanyiko, yaani wastani wa tofauti za kila mraba na wastani wa jumla, kila tofauti ikizidishwa kwa yenyewe. Herufi zingekuwa zinachomolewa mfukoni bila mpango, mtawanyiko wa miraba kuuzunguka wastani ungekuwa 100 × 0.432 × 0.568, takriban 24.5. Markov alipopima alipata 5.114, yaani mara 0.208 ya ule wa mfukoni. Lugha inajisawazisha: konsonanti zikizidi kidogo, irabu inaitwa haraka. Nadharia ya mnyororo wa hatua moja inatabiri uwiano huo kwa kugawa (1 + kumbukumbu) kwa (1 − kumbukumbu). Kwa Pushkin ni 0.465 kwa 1.535, jibu 0.303. Ni karibu zaidi na kilichopimwa kuliko 1 ya Bernoulli, ila si penyewe. Hakulificha hilo. Alirudi akahesabu herufi tatu tatu, irabu tatu mfululizo 115 na konsonanti tatu mfululizo 505, akajenga mnyororo unaokumbuka herufi mbili nyuma, na uwiano ukashuka hadi 0.195.

Kwa kuwa wasomaji wako wanasoma Kiswahili, jaribio hili linafanyika mezani kwa peni. Nimechukua methali nne: Haraka haraka haina baraka, Haba na haba hujaza kibaba, Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Ukizibana bila nafasi zinatoa herufi mia kamili, mraba mmoja wa Markov:

h a r a k a h a r a
k a h a i n a b a r
a k a h a b a n a h
a b a h u j a z a k
i b a b a m t a k a
c h a m v u n g u n
i s h a r t i a i n
a m e h e r i k u f
a m a c h o k u l i
k o k u f a m o y o

Hesabu irabu kwa kila mstari. Mistari tisa ina tano tano. Ule wa sita, wenye mvungu, una tatu. Jumla 48. Sasa rusha sarafu mara kumi: uwezekano wa kupata upande wa kichwa mara tano kamili ni 252 kwa 1,024, kama moja kati ya nne. Katika mistari kumi ungetegemea miwili au mitatu ya namna hiyo. Hapa tuna tisa. Mtawanyiko wa mistari hii ni 0.36, wakati wa mfukoni ungekuwa takriban 2.5, uwiano ni 0.14.

Jozi nazo ziko wazi. Irabu zilizofuatwa na irabu ni tatu: a-i ya “haina”, i-a pale “sharti” inapokutana na “ainame”, na a-i ya “ainame” yenyewe. Konsonanti zilizofuatwa na konsonanti ni saba: mt, ch, mv, ng, sh, rt, na ch ya “macho”. Irabu ya mwisho kabisa, o ya “moyo”, haifuatwi na kitu, kwa hiyo unagawanya kwa 47, si 48. Hili ndilo kosa la kwanza la wanafunzi, nalo hugundulika kirahisi: jozi zote lazima zifike 99. Tatu na 44, saba na 45, jumla 99. Irabu baada ya irabu ni 3 kwa 47, sawa na 0.064. Irabu baada ya konsonanti ni 45 kwa 52, sawa na 0.865. Kumbukumbu ni takriban −0.80, na nadharia inatabiri uwiano wa 0.11, jirani na 0.14 tuliyoipima.

Kuna njia ya kujikagua. Gawa 0.865 kwa (1 − 0.064 + 0.865) na unapaswa kurudi kwenye sehemu ya irabu uliyoihesabu mwanzo. Inatoka 0.48. Ikikataa, rudi uangalie jozi zinazovuka mpaka wa neno, maana macho hupenda kuzisahau.

Tahadhari mbili tatu, nisije nami nikaandikiwa barua. Methali si sampuli ya haki. Zimechongwa ziimbike, na “haraka haraka” peke yake inatengeneza mpishano safi. Herufi mia pia ni chache mno. Aliyechukua 20,000 hakuwa anapoteza muda, na baadaye alirudia na herufi 100,000 za nathari ya mwandishi Aksakov. Atakayetaka kufanya kweli achukue angalau miraba ishirini kutoka nathari ya kawaida, aondoe tarakimu na vifupisho, kwa sababu “TANESCO” na “2024” si mfuatano wa sauti za Kiswahili.

Ugumu mkubwa zaidi ni kuamua konsonanti ni nini. Kwa herufi, ch na sh ni mbili mbili. Kwa sauti ni moja moja. Ukizihesabu kama sauti, mraba wetu unabaki na konsonanti 49 na jozi nne za konsonanti, na 0.865 inapanda hadi 0.918. Neno “mchwa” lina herufi nne za konsonanti kwa irabu moja, ila m hiyo ni silabi inayojitegemea, na kuiweka kapu moja na m ya “mama” ni uamuzi, hauji wenyewe. Upande wa pili kuna “wauaji” yenye irabu tatu mfululizo. Hakuna jibu moja sahihi. Sharti ni moja tu: amua kabla ya kuanza, andika ulivyoamua, usibadilishe katikati. Markov alifanya hivyo na zile alama zake mbili.

Jambo lingine linalojitokeza katika Kiswahili ni muda ambao mnyororo unachukua kusahau ulikoanzia. Nguvu ya herufi ya kwanza hupungua kwa kuzidishwa na kumbukumbu kila hatua. Kwa Kirusi cha Pushkin, baada ya hatua tano inabaki takriban 0.04, yaani imekwisha. Kwa mraba wetu inabaki 0.33, na hata baada ya hatua kumi bado ni 0.11. Ndiyo maana ukimwambia mzungumzaji wa Kiswahili “herufi ya kwanza ni konsonanti, ya saba ni nini?” atabahatisha konsonanti na mara nyingi atapatia.

Mifano hii yote ina kumbukumbu hasi, na hasi inasaidia: wastani unatulia upesi kuliko sarafu. Maishani mara nyingi tunakutana na chanya, na hapo ndipo makala kama yenu inaweza kumponza mtu. Siku ya mvua hufuatwa na siku ya mvua. Punje mbovu ndani ya gunia hukaa pamoja kwa sababu unyevu uliingilia upande mmoja. Kumbukumbu ikiwa +0.5, uwiano wa mtawanyiko ni 1.5 kwa 0.5, yaani 3. Mkaguzi aliyechota punje mia mfululizo kutoka kona moja ana taarifa inayolingana na punje 33 zilizochotwa huku na huko. Sheria ya namba kubwa haijafa. Imechelewa, na ripoti inayodai uhakika wa punje mia inajidanganya. Dawa ni kuchota mbalimbali, ili kumbukumbu iishe kati ya chota moja na nyingine, au kupima kumbukumbu yenyewe na kuirekebisha hesabu.

Wachezaji wa kubeti nao hulikosea jambo hili, wengine wakidai timu iliyoshindwa mara tano “inadaiwa” ushindi, wengine wakidai imeingia mkosi. Wa kwanza anadhani kumbukumbu ni hasi, wa pili chanya. Hakuna aliyeipima.

Kuhusu mtu mwenyewe, makala ingeweza kusema mengi kwa maneno machache. Wenzake walimwita Andrey Mwenye Hasira. Mwaka 1902, mwandishi Maxim Gorky alipochaguliwa Akademia na mfalme akautengua uchaguzi, Markov alipinga wazi. Alistaafu rasmi 1905 lakini akaendelea kufundisha uwezekano; mwaka 1908, wahadhiri walipotakiwa kuwachunga wanafunzi wakorofi, alikataa kuwa wakala wa serikali. Mwaka 1912 aliiandikia Sinodi Takatifu, baraza kuu la Kanisa la Urusi, akiomba yeye mwenyewe atengwe na Kanisa, kama mwandishi Tolstoy alivyotengwa 1901. Mwaka 1913 nchi ilipokuwa ikiadhimisha miaka 300 ya ukoo wa kifalme wa Romanov, yeye aliandaa maadhimisho ya miaka 200 ya sheria ya namba kubwa. Sioni kama ilikuwa sadfa.

Mapinduzi yalipokuja alikwenda mji mdogo wa Zaraysk na kufundisha hisabati sekondari bila malipo. Machi 1921, akiwa amerudi Petrograd (ndiyo St Petersburg kwa jina la wakati huo), aliitaarifu Akademia kwamba hawezi kuhudhuria vikao kwa kukosa viatu. Akatafutiwa. Mwezi Mei akatoa taarifa nyingine: viatu amepata, ila vimeshonwa hovyo na havimwingii. Alifariki 20 Julai 1922. Mwanawe, Andrey pia, akawa mwanamantiki mashuhuri, na hadi leo watu huwachanganya.

Makala ilikuwa sahihi kwamba kuna uzi unaotoka kwake hadi kwenye mashine za leo, lakini uzi huo una mafundo. Mwanahisabati Mrusi Kolmogorov aliipeleka minyororo kwenye muda usiokatika mwaka 1931. Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, aliitumia kwa herufi na maneno ya Kiingereza 1948. Mwaka 1998 Brin na Page, waanzilishi wa Google, walizipanga kurasa za mtandao kwa mnyororo wa msomaji anayebofya viungo ovyo, wakampa uwezekano wa 0.85 wa kufuata kiungo na 0.15 wa kuruka kokote. Hiyo 0.15 inatibu ugonjwa uleule wa kumbukumbu iliyokwama: bila kuruka, msomaji akiingia kwenye kurasa zinazoelekezana zenyewe hatoki. Programu za lugha za sasa nazo hukisia neno lijalo, ila zinatazama nyuma maneno maelfu na kupima kila moja kwa uzito wake. Kuziita “mnyororo wa Markov tu” ni kama kuliita jahazi “gogo tu”.

Masahihisho hayahitaji nafasi kubwa. Yanaweza kusomeka hivi: Andrey Markov, mwanahisabati wa St Petersburg (1856–1922), alithibitisha mwaka 1906 kwamba sheria ya namba kubwa inaweza kusimama hata pale matukio yanapotegemeana, na mwaka 1913 akalionyesha hilo kwa herufi 20,000 za Pushkin. Mkipata nafasi ya ziada, chapeni na ule mraba wa methali.

Wako,
Mwalimu wa takwimu,
Dar es Salaam